Nimegundua kwamba nafurahia kukaa na wanangu kuliko nilivyodhani. Je, niache safari za nje?

Dereva wa Mbagala

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu, hasa wa akina baba ambao kazi huwaweka mbali na nyumbani. Huu ni mwaka wangu wa 11 nikiendesha semi-treila, na njia yangu ni Dar es Salaam, Tunduma, Kapiri Mposhi hadi Lubumbashi. Safari moja huchukua wiki tatu, na foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ikikaza hufika mwezi na zaidi. Nikirudi nalala siku mbili tatu, gari likishapakiwa naondoka. Nina watoto wa miaka 12, 9 na 5, na kwa kusema kweli nilikuwa nawajua kwa ada za shule, vipimo vya viatu na sauti zao kwenye simu.

Miezi miwili iliyopita gia boksi iliharibika, kipuri kikachelewa, nami nikajikuta nyumbani kwa wiki saba. Mama watoto huuza samaki na hutoka alfajiri kwenda soko la samaki la Feri, kwa hiyo kazi ya kuwaamsha, kuwaogesha na kuwapeleka shule ikaniangukia. Wiki ya kwanza niliiona kama adhabu. Ya pili nikaanza kutazama saa nikisubiri watoke shule.

Wa kati alikuwa ameunda lori la waya lenye magurudumu ya kandambili, na tela lilipinduka kila alipokata kona. Nilikaa naye chini ya mwembe nikamwonyesha jinsi kichwa kinavyoshika tela kwa pini moja inayozunguka, na kwa nini dereva hutanua kona kabla ya kuingia. Tulipomaliza, alasiri ilikuwa imeingia na sikuwa nimekumbuka sigara. Usiku umeme ukikatika tunategana vitendawili. Wakishindwa huniambia mji, nami nawasimulia nilivyofika Ndola na nilivyopokewa kabla ya kutoa jibu. Juzi nilitega "kuku wangu katagia miibani", wakubwa wakashindwa, nikaomba mji, na mdogo, ambaye hajui mji mwingine, akanipa Mbagala. Ndola naweza kuisimulia hadi wote wasinzie, lakini Mbagala, ninakoishi tangu nilipooa, sikuwa na kisa hata kimoja. Nikakimbilia kuwaambia kwamba ni nanasi.

Gari linakaribia kupona. Nimesikia kuna kazi ya kusambaza saruji hapa mjini na Pwani, ambapo nitalala nyumbani karibu kila siku, lakini kipato chake ni kama nusu ya ninachopata sasa nikijumlisha mileji, yaani posho ya safari. Je, ni busara kuacha safari za nje kwa sababu kama hii? Yupo aliyefanya hivyo asijute?

Mstaafu wa Miritini

Ndugu yangu, nilibeba makontena kati ya Mombasa na Nairobi hadi mizigo ilipohamia kwenye reli mpya. Kufikia 2019 safari zilikuwa zimepungua kiasi kwamba tajiri wangu aliuza malori, nami nikarudi nyumbani bila kupenda, kwa hiyo sikuchagua kama wewe unavyotaka kuchagua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe kwa wiki saba hizo bado u mgeni. Miezi mitatu ya kwanza wanangu walinigombania. Mwezi wa tano binti yangu aliniuliza nitarudi kazini lini, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kumkagulia madaftari na kumchagulia marafiki. Tulinuniana kwa muda mrefu, na tulipopatana ndipo nilipoanza kumjua. Nilitambua, akiwa na miaka 10, kwamba huandika kwa mkono wa kushoto na hula kwa wa kulia kwa sababu bibi yake alimkataza, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua isipokuwa mimi. Sijuti. Ila piga hesabu vizuri: ukitoa unachokula na unachotumia barabarani, huenda hiyo nusu ikawa pengo dogo kuliko unavyodhani.

Mama Watatu, Morogoro

Kaka yangu, nimesoma swali lako mara mbili nikimtafuta mama watoto, nikamkuta Feri tu, akinunua samaki. Umemwuliza? Kipato kikishuka kwa nusu, pengo litazibwa na samaki wake, kwa hiyo shauri hili ni lake kabla ya kuwa letu. Isitoshe, watoto waliokaa kimya wakategana vitendawili nawe kuna mtu aliyewafunza vitendawili hivyo miaka yote uliyokuwa njiani.

Jambo la pili: umetueleza ya wa kati na ya mdogo, lakini mkubwa hukumtaja hata kwa sentensi moja. Mtoto wa miaka 12 hakujii na gari la waya. Huyo utamfuata wewe.

Karani wa Ajira, Dodoma

Sioni ajabu baba kugundua haya mtoto akiwa na miaka 9. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo ya uzazi ya siku 3, nazo zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wenzetu wa Kenya wana wiki 2. Ushauri wangu ni mfupi: kabla ya kuacha, mwandikie mwajiri barua ukiomba kuhamishiwa safari za ndani, na ukikataliwa uondoke kwa notisi ya maandishi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28.

Dereva wa Mbagala

Asanteni nyote. Dada wa Morogoro, nilisoma jibu lako nikazima simu kwa muda. Nimezungumza na mama watoto, naye anaafiki saruji, ila baada ya Januari, ada zikishalipwa, na kwa sharti kwamba kazi ya alfajiri itabaki kuwa yangu hata nikihama. Kwa hiyo naenda Lubumbashi walau mara moja zaidi, na barua kwa tajiri nitaiandika kabla sijaondoka.

Mkubwa ni binti, na ni kweli nilikuwa nampita kama kituo kisicho na abiria. Jana nilimwomba anifundishe kukuna nazi. Alinitazama kwa dakika nzima, kisha akaninyang'anya mbuzi akisema kwamba nakuna hadi kwenye kifuu na tui litakuwa jeusi.