Chakula hai kwa farasi-bahari: atemia, kopepodi au uduvi wa kuchota baharini?

Mdau_Kisauni
Wakuu, habari zenu. Nina jozi ya farasi-bahari, wamezalishwa kwenye matangi, si wa kuvuliwa. Chakula cha kugandishwa wanakitazama tu kikizama. Nafikiria njia tatu: kuangua atemia (vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi, mayai yao huuzwa yakiwa makavu), kufuga kopepodi (vijidudu vidogo sana wa majini, nao jamii ya kamba), au kwenda kuchota uduvi hai maji yakikupwa. Ipi ina lishe zaidi, na ipi haina usumbufu?

MamaTangi
Karibu, mdau. Anza na atemia. Chupa ya lita moja na nusu, ikate kitako, igeuze mdomo chini, tia mpira wa hewa hadi chini kabisa. Chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, joto digrii 26 hadi 28, taa iwake. Kwa joto letu la pwani, baada ya siku moja hivi unaona maji yamegeuka rangi ya chungwa. Zima hewa kwa dakika kumi: maganda yanaelea juu, mayai yasiyoangua yanazama, wachanga wanajikusanya penye mwanga. Wanyonye kwa mpira mwembamba, chuja kwa kitambaa laini, suuza ndipo ulishe.

FundiMaji_Muscat
Dada kaeleza vizuri, ila hao wachanga hawafiki nusu milimita kwa wastani. Farasi-bahari mkubwa anahitaji atemia waliokua, na atemia aliyekua akiwa hajala kitu ni ganda lenye maji. Hata mchanga anatoka na kiini chake cha yai, anakitumia saa baada ya saa, na DHA, yaani mafuta ya omega-3 ambayo samaki wa bahari anayahitaji, anayo kidogo mno tangu mwanzo. Samaki atakula kwa hamu, ashibe, na bado akonde. Hili ndilo linaloua farasi-bahari wengi, mwenye tangi akisema "mbona alikuwa anakula?"

Kwa hiyo, swali la kwanza liwe chakula hai chako kimekula nini kabla ya kuliwa. Atemia akitoka kwenye yai bado hawezi kula. Mdomo unafunguka baada ya saa nane hadi kumi na mbili. Hapo ndipo umlishe isokrisisi, mwani mdogo sana wa kuelea majini, wenye DHA. Spirulina inawakuza, lakini DHA haina. Hamira peke yake ni hasara.

Mvuvi_Tanga
Mnazunguka mbali. Uduvi wa baharini wamekula mwani wa bahari tangu wazaliwe, lishe yao imekamilika, na hawauzwi kwa bei ya dola. Farasi-bahari anapomwona uduvi akiruka, jicho linageuka lenyewe, shingo inainama, pua inafyonza. Hakuna chakula cha pakiti kitakachokupa hilo.

FundiMaji_Muscat
Kuhusu lishe, nakubaliana nawe kabisa kaka. Tatizo ni maji wanayokuja nayo. Kimelea cha madoa meupe huogelea kwenye maji hayo, na vifuko vyake hung'ang'ania chochote. Tangi likishaambukizwa, kulisafisha ni kazi ya wiki nyingi. Ukichota, usimimine maji ya baharini. Waweke uduvi kwenye ndoo yao isiyo na samaki wiki kadhaa, uwalishe humo.

BintiWatamu
Na msichote ndani ya hifadhi. Huku kwetu ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari hairuhusiwi kutoa kitu chochote, awe uduvi au ganda.

Mdau_Kisauni
Asanteni sana. Na kopepodi je? Nasikia wao wana DHA bila kulishwa kitu maalumu.

MamaTangi
Ni kweli, ndiyo sifa yao. Lakini tisbe, kopepodi wanaofugwa sana, ni wadogo na wanajificha kwenye mawe. Wakubwa wako hawatashiba nao. Wanafaa watoto wa farasi-bahari, na wanafaa samaki wa mandarini anayedonoa siku nzima. Wafuge kwenye chombo cha pembeni chenye mwani, wawe akiba. Usiwategemee peke yao.

Mayai ya atemia uyavue maganda kwa jiki kwanza, maana ganda hubeba vibrio, bakteria wa magonjwa. Loweka saa moja kwenye maji yasiyo na chumvi, tia jiki, koroga. Kahawia ikigeuka kijivu halafu chungwa, chuja haraka, suuza hadi harufu iishe.

FundiMaji_Muscat
Mpango wangu kwako: atemia waliokua, waliolishwa mwani, mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, kwa kuwa farasi-bahari hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita upesi. Wakishazoea kula sehemu moja ya tangi, changanya maisisi (vijikamba vidogo) wachache wa kugandishwa na hao hai, uwapulizie kwa bomba la sindano wayumbe kama wanaogelea. Ongeza maisisi polepole. Masalia yaondoe ndani ya saa moja.

Mdau_Kisauni
Nimeelewa mkuu. Mwani wa isokrisisi naupata wapi Mombasa, wa kuanzishia?

BintiWatamu
Waulize watu wa vituo vya utafiti wa bahari na wanaozalisha kamba. Wao huotesha mwani wa kulishia wachanga. Nenda na chupa safi iliyochemshwa, na ukifika nyumbani ugawe kwenye vyombo viwili, kimoja kikiharibika kingine kibaki.