Wauza spea za elektroniki, konekta moja imeungua mnataka ninunue mfuko wa vipande elfu?

Wakuu salaam. Mwenye presha auruke huu uzi, leo siandiki kwa upole.

Mimi ni fundi wa bodi. Inveta, mashine za kufulia, chaja, mizani za bucha, chochote chenye saketi ambacho mwenyewe hataki kukitupa. Sasa hivi mezani kuna bodi ya mashine ya kutotolesha mayai. Mayai ya mama wa watu yamehamishiwa kwa jirani kwa kubembelezana, na yai la kuku ni siku 21, halisubiri fundi azunguke mjini. Bodi nzima, relei nzima, joto inasoma sawasawa. Kilichokufa ni konekta ya hita, kile kichomekeo cheupe cha pini mbili kinachounganisha waya na bodi: pini ililegea, ikaanza kupata moto, plastiki ikayeyuka. Basi. Kitu ambacho hata ukinipiga bei ya kilanguzi hakifiki buku.

Nimeingia Kariakoo. Duka la kwanza naambiwa, "Fundi, kata waya, chomelea kwenye bodi, mbona wenzio wanafanya hivyo?" Duka la pili natupiwa kopo limechanganywa kila takataka, eti chagua mwenyewe. La tatu ndilo lililonitoa roho. Jamaa anayo! Anayo stoo, nimeiona kwa macho. Ila hauzi kumi wala hamsini, anauza mfuko wa vipande elfu moja, na mfuko huo ni wa yale makava ya plastiki PEKE YAKE. Pini za ndani? "Hizo agiza China, bosi."

Jamani, kava bila pini nifanyie nini, nicheze nalo bao?

Kwa wasiojua: konekta moja ni vitu vitatu. Kuna kava linaloshika waya, kuna pini za chuma zinazobanwa kwenye waya halafu zinaingizwa ndani ya kava, na kuna soketi inayokaa kwenye bodi. Vitatu hivyo lazima viwe ukoo mmoja. Pini ya ukoo mwingine haijifungi ndani ya kava, ukivuta waya inatoka nayo. Hapa mjini kila kimoja kinaingia kwa njia yake, kama kinaingia.

Na hizo koo zina majina, ingawa ukiyataja dukani unaonekana unajifanya msomi. Za JST, kampuni ya Japani, ndizo zimejaa kwenye vifaa tunavyotengeneza kila siku, za kwao wenyewe au za kuigwa. PH nafasi kati ya pini ni milimita 2.0, inabeba ampea 2. XH ni milimita 2.5, ampea 3. VH ni milimita 3.96, hadi ampea 10 ukiweka waya mnene, ndiyo maana inawekwa kwenye hita na umeme mkubwa. Sasa mimi naomba VH, muuzaji ananipa KK ya 3.96 ya Molex, kampuni nyingine kabisa. Nafasi sawa, kufuli tofauti. Namrudishia, ananijibu "si zote ni 3.96?" Kwa hiyo kaka, suruali zote za kiuno 34 ni za mtu mmoja?

Mwingine anakuuzia XH anaiita 2.54. Ukinunua ya pini 3 hutagundua, itaingia tu. Nunua ya pini 10: kila nafasi imepishana kwa 0.04, nafasi ziko 9, huku mwisho umeshapotea kwa 0.36 na unalazimisha kwa kidole mpaka pini inapinda. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu, pima kati ya pini ya kwanza na ya mwisho, gawanya kwa idadi ya pini ukitoa moja. Usipime pini mbili za jirani, utadanganyika.

Na hizo za "JST 1.25" zinazouzwa na waya wake ndiyo usiseme. Nyingi ni nakala ya PicoBlade ya Molex, wala si JST. Ukikuta kifaa kina GH ya JST, ambayo nayo ni 1.25, haziingiliani. Za betri ndogo, PH ya pini mbili, ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna kanuni moja kwamba nyekundu ikae upande gani. Betri ya huyu chanya kulia, ya yule chanya kushoto, zote zinachomeka vizuri kabisa, na moshi unautoa wewe.

Najua kuna mtu atasema agiza nje. Nimeagiza sana. Wasambazaji wa Marekani kama Digi-Key na Mouser wanakuuzia hata kipande kimoja, kwa senti. Halafu piga hesabu ya usafiri, weka VAT asilimia 18, mwambie mama wa mayai konekta yake imefika bei ya mtetea na jogoo wake. Ukipitia China unapata mfuko kwa bei nzuri, lakini wakala wangu wa mizigo anahesabu kuanzia kilo moja, na konekta hamsini hazifiki uzito wa andazi. Hapo bado kusubiri ndege.

Kinachoniuma ni kwamba biashara ipo. Mtu alete PH, XH na VH, pini 2 mpaka 6, vitu vyote vitatu, afunge vipakti vya kumi kumi, aandike jina juu kwa maka peni. Auze hata mara tano ya alivyonunua, nitalipa na nitashukuru. Lakini bosi anaona bora stoo ijae chaja feki kuliko kufungua mfuko mmoja.

Na nyie mafundi wenzangu mnaochomelea waya moja kwa moja kwenye bodi mmechangia. Muuzaji ataletaje kitu ambacho hamkiulizi? Halafu kesho bodi hiyohiyo inakuja kwangu, njia za shaba zimebanduka, waya nane rangi moja, hakuna anayejua upi ni wa sensa upi wa feni.

Haya. Nahitaji VH ya pini 2, kava, pini zake na soketi ya bodi, seti kumi. Mwenye nazo Dar aweke bei hapa, nakuja na hela mkononi. Picha iwe na rula pembeni. Na wa "chomelea tu mkuu", pita kimyakimya.