Mnaomsifu Mzee Bennet, hebu mnieleze

Jameni, nimetoka kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa mjini nikiwa nimefura. Watu wazima, wengi wazazi, wamekaa saa mbili wakimsifu Mzee Bennet, babake Elizabeth, mhusika mkuu wa riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice. Eti mzee poa, mcheshi. Mkewe ndiye akaitwa kelele.

Mzee anapata pauni 2,000 kwa mwaka. Ana mabinti watano, na anajua siku akifumba macho Longbourn, nyumba na shamba, yote inakwenda kwa jamaa yake Collins kwa kuwa mrithi lazima awe mwanamume. Akiba? Hana. Alikuwa akingoja mtoto wa kiume aje amalize shida, na alipokata tamaa akaona ameshachelewa kuweka. Sawa, mama naye hakujua kubana matumizi. Lakini angalau yeye usingizi ulimpaa akiwaza wasichana watalala wapi. Bwana anajifungia na vitabu vyake, akitoka ni kumcheka mkewe mbele ya watoto.

Kilichonichoma zaidi ni habari ya Brighton, mji wa pwani. Lydia, kitinda mimba, ana miaka 15, anataka kufuata kambi ya wanajeshi huko. Elizabeth anamwendea babake faraghani, anamsihi amkataze. Jibu? Asipokwenda, nyumbani hakutakuwa na amani. Tena anaongeza kwamba bahati nzuri Lydia ni maskini mno, hakuna wa kumwinda. Umaskini huo nani kauleta?

Wickham, afisa wa jeshi, akatoroka naye. Darcy, tajiri anayempenda Elizabeth, akalipa madeni ya Wickham, ndoa ikafungwa. Mzee alipojua aliyelipa ni Darcy alifurahi: angekuwa shemeji yake Gardiner, kaka wa mkewe, ingebidi arudishe, lakini kijana aliyependa hatakubali kurudishiwa hata senti. Kikundi kizima kikaangua kicheko hapo. Mimi nikachukua mkoba wangu.

Labda ni kwa sababu nimelelewa na mcheshi wa aina hiyo. Mtaa mzima ulimpenda baba, matangani watu walimzunguka wapate hadithi zake. Muhula ukifunguliwa, karo hakuna, hadithi ipo. Mama akawa anakopa chama hiki alipe kile, halafu majirani wanauliza mbona mama fulani ana hasira hivyo na mzee ni mtu wa watu.

Mnaomtetea karibuni. Ila muanze na Brighton, msiniletee vichekesho vyake.