Mpigaji amejuaje kitambulisho cha mama? Naomba ushauri

Kijana_Kisauni: Assalam aleikum wakuu. Mama ana meza ya viazi karai hapa Kisauni, na simu ndiyo benki yake. Leo kapigiwa na kijana mwenye adabu zake: "Shikamoo mama, nakupigia kutoka Safaricom." Akamtajia majina yote matatu na namba ya kitambulisho bila kukosea. Ati laini itafungwa saa nane isiposajiliwa upya, amsomee tarakimu zilizoingia kwa meseji. Bahati mafuta yalikuwa motoni, mama akamwambia angoje, kisha simu ikakatika. Namba ni ya kawaida tu. Mama ashikilia ni Safaricom kweli, "wangejuaje kitambulisho changu?" Nimjibu nini?

Ami_Majengo: Safaricom hupiga kwa 0722 000 000. Nyingine yoyote, kata. Hata akisalimu kama imamu.

Binti_Likoni: Jina si ushahidi. Anza kumtumia mtu pesa kwa M-Pesa, jina latokea kabla hujathibitisha, unafuta, ushalipata. Kitambulisho je? Muulize mama ameandika mara ngapi kwenye kile kitabu cha askari langoni. Jina, kitambulisho, simu, sahihi, vyote mstari mmoja, na anayekuja nyuma yako avisoma huku akitafuta kalamu. Mimi siku hizi tarakimu moja ya simu naikosea makusudi. Msinihukumu.

Mvita_2: Abadilishe laini leo leo!

Fundi_MwembeTayari: Ya nini, na wateja wote wanamlipa kwa hiyo? Kama hakusoma zile tarakimu wala kutoa PIN, hajaibiwa kitu. Abonyeze *100*100# ili laini isibadilishwe mpaka aende mwenyewe duka la Safaricom na kitambulisho. Namba ya mwizi itumwe 333, ni bure. Mtandao ukipotea ghafla na majirani wanao, asingoje kesho, aende dukani.

Binti_Likoni: Na mjiandae, wakishindwa hapo huja na ile ya "nimekosea namba, nirudishie". Watamtumia meseji ya uongo kwamba pesa zimeingia; ya kweli huingia chini ya jina MPESA, pamoja na zile za zamani. Yao hutoka kwa namba ya mtu. Atazame salio kwanza. Hata kama pesa zimeingia kweli, asirudishe kwa mkono wake: mwenye kukosea aipeleke meseji yake 456, kampuni irudishe. La sivyo waweza kumrudishia, naye akaomba tena huko, ukalipa mara mbili.

Kijana_Kisauni: Shukrani. Nimejifanya namtumia jirani shilingi hamsini mbele ya mama, jina likatokea, nikafuta. Akaguna tu. Alasiri yule kijana kapiga tena, mama kamwambia aje mezani na kitambulisho *chake*, wasajiliane hapa hapa. Kakata mwenyewe. *100*100# tumeshabonyeza.