Nimepata nafasi ya kongamano la wakutubi wa shule Mombasa, prinsipo analipa kiingilio tu. Niende?

Nyar_Maktaba (Kisumu)
Wadau habari za jioni. Mimi ni mkutubi wa sekondari moja huku Nyando, mwaka wa sita sasa, nimeandikwa na bodi ya shule si TSC, ile tume ya serikali ya walimu, kwa hivyo mshahara mnajua wenyewe. Kuna kongamano la wakutubi wa shule Mombasa likizo ya Aprili, siku tatu, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kuhudhuria hata moja. Nilipeleka barua kwa prinsipo akaisoma akacheka kidogo, akaniuliza kwani huko mnaenda kufundishwa kupanga vitabu? Alafu akasema shule italipa kiingilio, nauli na malazi nijipange mwenyewe. Nimepiga hesabu naona inakula karibu mshahara wa mwezi mzima na watoto wakifungua shule wananingoja na karo.

Sasa shida yangu ndio hii, maktaba imegeuka stoo. Tangu serikali ianze kuleta vitabu moja kwa moja shuleni 2018 vinakuja tu, vingine viko kwa katoni mpaka leo, na Grade 10 wa mtaala mpya walivyoingia Januari walimu wanataka watoto waje kufanya risachi, nikawauliza watakaa wapi, juu ya katoni? Rejista yangu ni daftari kubwa la jalada gumu ambalo panya ameshaonja pembe moja. Nasikia huko watu wanafunzwa kuingiza maktaba kwa kompyuta. Niende ama hizo pesa ninunue mabati nimalizie jikoni?

RafuYaJuu (Nakuru)
Dada usitoke Kisumu na basi la moja kwa moja mpaka Mombasa, utafika miguu imevimba na kikao cha kwanza utalala. Panda basi la usiku mpaka Nairobi, pumzika, alafu uchukue treni ya SGR ya saa tisa mchana pale Syokimau, ekonomi ni 1,500 na unalipa kwa M-Pesa. Ile ya saa mbili asubuhi usijaribu, basi likikwama kidogo tu hapo Kericho umeachwa, na stesheni lazima ufike mapema kuna kukaguliwa mizigo mara mbili tatu. Nunua tiketi siku nyingi kabla, Aprili watu wote wanaenda kuona bahari.

Malazi usikubali ile hoteli ya mkutano, hapo mnalipishwa upepo wa bahari. Mimi pia naenda, tunaweza kugawana chumba mitaa ya nyuma, gharama inakatika nusu. Nitumie meseji.

Simiyu_wa_Stoo (Bungoma)
Mimi nitaongea ukweli hata kama mtanichukia. SCECSAL, lile kongamano la wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ilipokuja Nairobi 2012 nilienda, nikaingia kila kikao kama mtoto wa form one anayeogopa prifekti, nikaandika daftari nzima, nikarudi na mkoba wa bure na kichwa kikiuma. Daftari sijafungua mpaka leo. Hotuba za wakubwa ni ndefu na chai ni tamu, basi. Nunua mabati.

MzeeWaKadi (Kakamega)
Simiyu, wewe ulienda na daftari, hukuenda na shida. Ndio maana.

Mulembe binti yangu. Mimi nimestaafu. 1984 mkutano wa IFLA, shirikisho la maktaba la dunia, ulipofanyika Nairobi nilikuwa kijana tu wa kuandika kadi za katalogi, na mambo yote ya maana niliyapata kwa foleni ya chakula nikiongea na jamaa wa Zambia ambaye rafu zake zilikuwa zinaliwa na mchwa kama zangu. Kwa hivyo piga picha hiyo stoo yako, katoni zote, na panya pia ukimpata, weka kwa simu. Ukikaa na mtu wakati wa chai usimuulize habari za kazi, muonyeshe hiyo picha umuulize wewe ungeanza wapi.

Na kuhusu zile katoni, usikimbilie kutupa vitabu vya mtaala wa zamani. Form three na form four bado wanavitumia, mtihani wa KCSE wa mwisho wa mtaala huo ni 2027. Hata baada ya hapo ni mali ya umma, sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya 2015 inataka kamati ikae, sio mkutubi na kiberiti. Nimeona mtu akihangaika kwa jambo hilo.

DepyutiMstaarabu (Kisumu)
Naongea kama mtu anayekaa upande wa ofisi. Barua yako ilikufa kwa neno "kongamano", prinsipo akisikia hilo neno anaona bahari. Andika nyingine, ukurasa mmoja, uanze na Grade 10. Njia za masomo ni tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na zote zinataka mtoto atafute habari mwenyewe. Sema maktaba ilivyo sasa, sema utarudi na nini na kufikia tarehe gani, ambatisha ratiba ukiwa umezungushia kalamu vikao vinne tu. Usiombe kila kitu. Omba nauli, malazi sema utajitolea, hapo ataona aibu. Na akikubali hakikisha imeandikwa na masurufu yametoka kabla ya safari, maneno ya "nenda tu utarudishiwa" mimi nimeyaona yakizaa maadui. Risiti zote weka, hata ya matatu.

Nyar_Maktaba
Asanteni sana, mzee wa Kakamega umenichekesha na kunifungua macho. Na hii Koha watu wanataja ni nini? Ni ghali?

RafuYaJuu
Ni programu ya maktaba ya bure, ilianzia New Zealand, kuiweka kwa kompyuta tu ndio kunataka mtu anayejua. Lakini usingoje Mombasa. Hiyo rejista ya panya anza kuichapa kwa ekseli leo, namba, mwandishi, jina la kitabu, ISBN (ile namba ndefu ya nyuma ya kitabu), mwaka. Siku ukipata Koha unaingiza yote kwa mpigo. Nilianza na vitabu ishirini kwa siku na msichana mmoja wa klabu ya maktaba ananisomea.

Nyar_Maktaba
Nimerudi na habari. Barua mpya imepita kwa basa leo, nauli wamekubali kwenda na kurudi, malazi hapana. Prinsipo ameuliza kama hao watu wa Mombasa wanaweza kusema kitu kuhusu panya. Katoni tisa nimeshapiga picha. RafuYaJuu nimekutumia meseji ya chumba lakini nikwambie mapema usije ukalalamika, mimi hukoroma.

Simiyu_wa_Stoo
Ukirudi weka hapa mlichoongea kwa foleni ya chakula. Hotuba sitaki.