Ruzuku yetu inaisha Juni: tubaki kikundi au tujisajili NGO?

Mama Kitangari (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum, na habari za kazi ndugu zangu wa Kusini.

Naomba ushauri, hasa kwa waliokwisha kupitia hili. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama huku Kitangari, wilaya ya Newala. Tulianza kama kikoba cha kawaida, akina mama 22, hisa shilingi elfu mbili, kila Jumatano chini ya mwembe. Hatukuwa na wazo la mradi. Kilichotuingiza huku ni binti wa mwenzetu aliyekuwa kidato cha pili. Kila mwezi siku nne hivi haendi shule, mama yake akidhani ni uvivu, anamgombeza. Siku moja mama anafua akakuta vipande vya kanga vimefichwa chini ya godoro, vimekauka vikawa vigumu kama gome. Kutoka kwao hadi shuleni ni zaidi ya saa nzima kwa mguu, na alikuwa anatembea na vile. Mwenzetu alikuja kikaoni Jumatano hiyo akashindwa kusema, akavitoa tu kwenye mfuko akaviweka mezani karibu na sanduku la hisa.

Tukaanza kushona taulo za hedhi za kufua kwa cherehani mbili za wanachama. Za dukani hazikamatiki. Mwaka 2018 serikali iliziondolea VAT, lakini dukani kwetu bei ilibaki palepale, na mwaka uliofuata kodi ikarudishwa.

Baadaye tukapata ruzuku kupitia shirika moja la mjini, fedha zenyewe zinatoka nje. Shilingi milioni 9 kwa miezi 12, Julai hadi Juni. Tumenunua cherehani nne, majora ya flana, kile kitambaa kisichopitisha maji, na vifungo vya kubana. Tumepata chumba. Kila Jumamosi wanakuja wasichana 31, wengine wa shule, wengine walioacha. Wanashona, wanarudia hesabu na Kiingereza na mwalimu anayejitolea, halafu saa ya mwisho wanakaa na nyakanga wetu, bibi anayewafunda mabinti kwenye unyago. Huyu bibi ndiye nguzo. Amecheza unyago wa mama zao wote. Alipokubali kukaa na wale mabinti na kuwaambia kwamba kuvunja ungo si ruhusa ya kuolewa, hakuna mzee aliyenyanyua mdomo. Afisa gani angeweza kusema hivyo akasikilizwa?

Sasa shida zangu.

Mkataba ni wa Julai, fedha ziliingia katikati ya Oktoba. Oktoba huku ni korosho. Binti yuko shambani anaokota korosho na kuzitenganisha na mabibo, minada imeanza, kila mkono unahitajika. Jumamosi za Oktoba na Novemba walikuja 12, kuna siku walikuja 7. Mratibu akaandika kwenye taarifa kwamba mradi umedorora. Niliisoma ile sentensi nikalia, kwa sababu Januari walirudi wote 31 na hakuna aliyeandika kwamba umefufuka.

Fungu la semina ni zaidi ya milioni tatu: ukumbi, chai, posho. Fungu la vifaa likaisha Februari. Niliomba kuhamisha 180,000 tu kutoka semina kwenda vifungo na flana, nikaambiwa bajeti haiguswi. Februari hadi Mei ndiyo miezi mifuko imekauka huku, fedha za korosho zimekwenda kwenye ada, madaftari na bati. Ndipo binti anapokosa hata sabuni. Na ndipo sisi tulipokuwa tunakunywa chai ya semina.

Juni inakuja. Baadhi ya wenzangu wanasema tugawane cherehani kabla mtu mwingine hajazichukua. Wengine wanasema tujisajili NGO, maana mfadhili mpya tuliyemuona anataka cheti na hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili. Kwa sasa tuna cheti cha kikundi cha halmashauri tu. Wengine wanasema tukakope ile asilimia 10 ya halmashauri. Katiba yetu ni kurasa tatu, haisemi lolote juu ya mali.

Sitaki zile cherehani zigawanywe. Nisaidieni nikaseme nini Jumatano.

Mstaafu Masasi

Mama Kitangari, hongera sana, na mpe shikamoo yangu huyo bibi.

Nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri mbili za mkoa wetu mpaka nikastaafu. Nianze na la asilimia 10 kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Ule ni mkopo. Hauna riba, ni kweli, na sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa Aprili 2023, ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini lazima urudi. Kituo cha mabinti hakizalishi marejesho. Mkikopa kwa ajili ya kituo, mwezi wa nne mtakuwa mnachangishana kulipa na mabinti mtawaona kama mzigo. Mkope kama mna biashara, kwa mfano kushona sare za shule na kuuza, na biashara hiyo iwe na daftari lake.

Juu ya NGO. Sheria ni ya mwaka 2002, ilirekebishwa 2019. Siku hizi maombi ni kwa mtandao, lakini anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, atakuandikia barua na kukuonyesha mapungufu kabla hujalipa. Kusajiliwa si kazi ngumu. Kazi ni kila mwaka unaofuata: ada, taarifa ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi anayetambulika, naye anataka malipo yake hata kama mwaka huo hamkupata senti. Na kwa kanuni za 2018, ufadhili ukizidi shilingi milioni 20, mkataba wenyewe unapelekwa kwa Msajili na Hazina. Nimeona asasi zilizosajiliwa kwa shangwe, zikafa kwa kudaiwa ada. Kama mwaka huu hamna mtu wa kutunza hesabu kila wiki, subirini.

Kuna wafadhili wa wanawake wanaoelewa vikundi vidogo. Hapa nchini upo Mfuko wa Wanawake Tanzania, ulioanza 2008, ambao kazi yake ni kutoa ruzuku kwa makundi ya wanawake hadi ngazi ya chini. Afrika kuna AWDF, mfuko wa maendeleo ya wanawake wa Afrika, makao yake Accra, tangu 2000. Mama Cash wa Amsterdam ni wakongwe, 1983, na wao hawamkatai mtu kwa kukosa usajili, wanaangalia kama kikundi kinaongozwa na wanawake wenyewe. Kila mmoja ana vipindi vyake vya maombi, kwa hiyo soma tangazo lao kwanza. Usiandike andiko moja ukalituma kwa wote.

Na kwenye andiko, dada yangu, weka kalenda yako ya korosho ukurasa wa kwanza. Waandikie kwamba Oktoba na Novemba mtakuwa na mabinti wachache na kwa nini, kwamba Desemba ni likizo na unyago, na kwamba vifaa vinunuliwe Januari vitumike hadi Mei. Mtu wa Amsterdam hawezi kuotea kwamba mwezi wa kumi watoto wa Newala wako mikoroshoni. Ukimwambia mapema ni mpango. Ukimwambia baadaye anaona ni kisingizio.

Cherehani: soma mkataba wenu, kuna kifungu cha mali. Mara nyingi kinasema vifaa vinabaki kwa ajili ya walengwa. Kama kipo, hakuna wa kugawana.

Mama Mwani, Kilwa

Dada yangu wa Kitangari, mimi sina elimu ya mzee hapo juu, lakini cherehani zako nimeziota usiku. Nikueleze yetu.

Sisi ni wa mwani. Tulikuwa wanawake 18, tunafunga mbegu kwenye kamba, tunakwenda na maji kupwa, tunarudi migongo imekufa. Tukapata ruzuku ya mashine ya kusaga mwani tutengeneze sabuni, na humo humo kulikuwa na fungu la mabinti waliozaa wakiwa shuleni, wajifunze ile kazi. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Tulikosea jambo moja. Fedha za ruzuku tuliziweka kwenye sanduku la kikoba. Si kwa wizi. Benki ni nauli, na sanduku lina funguo tatu, tukaona ni salama kuliko benki. Januari ikafika, watoto wanaanza shule, mwanachama wa kwanza akaomba akope sare, tukampa. Wa pili tukamnyima vipi? Fedha zimo sandukuni, zote rangi moja. Mwezi wa tatu wakaja wakaguzi, milioni moja na laki nne haipo, imo mikononi mwetu wenyewe. Mwani bei ilikuwa imeanguka. Hatukuweza kurudisha kwa wakati.

Hatukugombana kwa kelele. Watu waliacha tu kuja. Wale mabinti sita walikuja wiki mbili zaidi wakakuta mlango umefungwa. Mmoja alikuwa anakuja na mtoto mgongoni kutoka mbali, mimi nilimkuta amekaa kizingitini jua kali, ananiuliza, shangazi, leo hamji? Sikuwa na jibu. Mashine mpaka leo iko sebuleni kwa aliyekuwa mweka hazina, imefunikwa kanga, juu yake wamepanga vyombo.

Kwa hiyo nakwambia, hata kabla ya NGO: akaunti ya pili. Isiwe ya kikoba. Watia saini watatu, na mmoja asiwe mwanachama wa kikoba kabisa. Kama yule bibi nyakanga si mwanachama, mwekeni yeye. Atie dole gumba kama hajui kuandika, benki wanapokea. Nani atakwenda kumwomba bibi aliyemcheza unyago akope fedha za mabinti?

Halafu andikeni namba kwa rangi kwenye kila cherehani, na daftari moja likae kwa mwenyekiti wa kijiji. Na Jumatano usiseme wewe wa kwanza. Waite mabinti wawili waje kikaoni wakiwa na walichokishona.

Binti Nanyumbu

Shikamooni. Nimesoma nikaona niandike, maana mimi nimekuwa upande ule mwingine, wa anayesaidiwa.

Nilipata mimba kidato cha tatu. Baba alisema basi, kaolewe. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unaruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa ameusikia. Aliyeleta habari hiyo ni mama mmoja wa kikundi kama chenu. Alikuja mara nne. Mara tatu baba alitoka akaenda shamba ili asimsikilize. Mara ya nne yule mama akamfuata shambani, akaanza kumsaidia kupalilia bila kusema neno mpaka saa sita. Nikaenda Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Masasi, kuna sehemu ya watoto, nilisoma huku mwanangu yupo, na ushonaji nikajifunza hapo.

Yule mama kwenye taarifa za mradi hayupo. Kulikuwa na semina ya uelewa wa jamii, watu 60, picha zilipigwa. Baba hakuhudhuria. Nauli ya mama yule ya mara nne alitoa mfukoni mwake, na hakuna fungu lolote la bajeti lenye jina la kumpalilia mtu shamba.

Mama Kitangari, kwenye andiko lenu ombeni nauli ya kutembelea majumbani. Andikeni hivyohivyo, kutembelea majumbani. Msiiite semina. Na hao 31, walioacha shule ni wangapi? Umewaulizia Masasi?

Mama Kitangari (mwanzisha mada)

Nimerudi. Mungu awalipe, nyote.

Kikao kilikuwa jana. Nilifanya kama alivyosema Mama Mwani, sikufungua mdomo kwanza. Walikuja mabinti watatu. Mmoja ni yule yule, binti wa mwenzetu, sasa yuko kidato cha nne. Alileta taulo kumi alizoshona mwenyewe, akaziweka mezani pale pale zilipowekwa zile kanga. Hakujua. Mama yake alijua, na sisi tulijua. Aliyekuwa amesimama kudai mgawo wa cherehani alikaa chini, akaomba apitishiwe moja aione mshono.

Mkataba tumeusoma, kifungu kipo kama alivyosema mzee: vifaa ni vya walengwa. Kimekwisha hicho. Tumepitisha akaunti ya pili, Jumatatu tunakwenda Newala benki, na bibi amekubali kuwa mtia saini wa tatu. Amesema kitu kimoja tu, asiletewe karatasi tupu ya kuweka dole. NGO tumeahirisha mwaka mmoja, mpaka tuone hesabu zetu zinasimama. Mkopo wa asilimia 10 kina mama sita wanauombea ushonaji wa sare, kwa jina lao, daftari lao.

Mzee wangu, kalenda ya korosho nimeianza, nitakuomba uipitie. Naandika mwezi kwa mwezi, kupulizia, kuokota, minada, ada, njaa, nani yuko wapi.

Binti Nanyumbu, walioacha shule ni tisa, na wanne kati yao wana watoto. Sikuwa nimewaulizia Masasi. Chuo kinapokea maombi mwezi gani, na mtoto wa miezi mitano wanamkubali?