Wakuu, unaweza kukubali Mlipuko Mkuu na bado ukawa Mkristo?

mwanakwaya_fizikia: Habari zenu wakuu. Nasoma fizikia mwaka wa pili na kanisani niko kwaya. Juzi mchungaji kasema madhabahuni eti habari za ulimwengu kuanza na Mlipuko Mkuu ni uongo wa wasiomwamini Mungu, ukizikubali umeshaikana imani. Sasa mi hesabu zake nimezipiga mwenyewe na zinakubali, niache chuo au niache kwaya? Wenye kebehi piteni kushoto.

babu_wa_kigango: Dogo tulia. Aliyeileta hiyo nadharia ni PADRI, Georges Lemaître wa Ubelgiji. 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, 1931 akasema ulianzia kwenye kitu kama atomu moja. Tena waliomshuku mwanzoni ni wanasayansi, Einstein alimwambia hesabu zako sawa ila fizikia yako mbovu, wengine wakahisi padri anamwingiza Mungu kwa mlango wa uani. Leo mchungaji naye anaikataa eti ni ya wapagani, dunia hii!

leta_ushahidi: Sawa, padri alikuwa kichwa, ila inathibitisha nini? Mtu kubeba vitu viwili kichwani haimaanishi vinapatana. Na Galileo je, yule mwanasayansi aliyesema dunia ndo inazunguka jua? Kanisa likamhukumu 1633, mpaka 1992 ndo Papa anakiri hadharani kwamba waliomhukumu walikosea.

babu_wa_kigango: Ya Galileo sibishi, ni aibu yetu. Ila cheki hii, 1951 Papa Pius wa 12 alihutubia kana kwamba sayansi imeshathibitisha uumbaji, na Lemaître HAKUFURAHI, hakutaka nadharia yake igeuzwe mahubiri, maana kesho vipimo vikibadilika imani nayo ianguke? Ulimwengu umetanukaje, hilo waulize wenye darubini. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo chochote, hapo darubini haifiki.

leta_ushahidi: Hilo swali halali kabisa. Ila kufufuka siku ya tatu sio falsafa mkuu, ni tukio, na tukio linadai ushahidi.

mama_J: Na Paulo anakubaliana na wewe, 1 Kor 15, kama Kristo hakufufuka imani yenu ni bure. Halafu anataja watu zaidi ya 500 waliomwona na wengi walikuwa bado hai, ingekuwa ni kuamini tu bila kuuliza angewataja wa nini?

leta_ushahidi: Maandishi ya hao 500 yako wapi? Tuna ya Paulo tu.

mama_J: Fungua uzi wako tubishane huko, huu wa mtoto wa watu. Mwanangu usiache chuo wala kwaya, mfuate mchungaji ofisini kwa heshima, usimuumbue mbele ya watu, mwambie habari za huyo padri.

mwanakwaya_fizikia: Asante mama, ila sisi walokole, nikimtajia padri ndo nimeharibu kabisa 😂